Saa ya Kidonge

Daktari alinitajia madhara yote ya dawa: tumbo kusokota, kuhara, mate kujaa, jasho, misuli kuchezacheza. Hakusema yatakuja lini. Na kwa mtu anayepanda matatu Githurai kila asubuhi kwenda tao, lini ndilo swali lenyewe.

Nina mayasthenia, ugonjwa ambao kinga ya mwili wako mwenyewe inashambulia pale neva zinapokutana na misuli. Amri inatumwa, misuli haiipokei vizuri. Asubuhi kope ziko juu, jioni zimeshuka kama mlango wa kioski. Githeri ndiyo mtihani wangu: vijiko vitano vya kwanza natafuna kama mtu yeyote, kufika cha kumi taya limegoma.

Kidonge chenyewe kinaitwa piridostigmini. Hakigusi chanzo cha ugonjwa. Neva huongea na misuli kwa kemikali inayoitwa asetilikolini, na kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja haraka. Kidonge kinakizuia kimeng'enya hicho, ili ile asetilikolini inayofika ikae kidogo. Sawa. Lakini matumbo nayo yanaitumia kemikali hiyohiyo, na tezi za mate, na za jasho. Kidonge hakichagui. Kope zikiamka, tumbo nalo limeamka.

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Nikimeza saa kumi na mbili u nusu, kufika saa moja na dakika kumi hivi macho yamefunguka. Saa moja u nusu tumbo linaanza stori zake, linasokota kama dakika ishirini, halafu linanyamaza. Nguvu yenyewe inadumu masaa matatu, siku nzuri manne. Sasa piga hesabu: saa moja u nusu niko kwenye jam ya Thika Road, na choo cha kulipia kiko tao.

Nikimeza na uji au kipande cha mkate, tumbo linakuwa na adabu. Ila kope nazo zinachelewa. Na kama kuna nyama ya kutafuna, ni afadhali kidonge kitangulie nusu saa. Siku hizi nameza mapema zaidi, na mkate, nangoja tumbo limalize mambo yake nyumbani, ndipo naenda stage.

"Si uwachane na hiki cha asubuhi tu?" Mathe aliniuliza.

"Mum, nikiwachana nacho chai itatokea puani."

Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Jamii hii ya dawa ilianzia kwa sumu. Huko Calabar, Nigeria, kulikuwa na mbegu iliyotumika kwa kiapo: mshukiwa anaimeza, akiitapika ameponea, ikibaki tumboni inamuua. Mwaka 1934 daktari Mary Walker, huko London, alimdunga mgonjwa wa mayasthenia dawa iliyotokana na mbegu hiyo. Kope zikafunguka. Baada ya masaa machache zikaanguka tena. Hata yeye alikuwa anahesabu saa.

Usumu wenyewe haujaisha. Kidonge kikizidi, misuli inalegea vilevile, kana kwamba hujameza chochote. Kwa hivyo kulegea peke yake hakusemi kitu hadi ujue ni saa ngapi. Nikilegea masaa manne baada ya kumeza, huenda dawa inaisha. Nikilegea saa moja baada ya kumeza, wakati ninapofaa kuwa na nguvu zaidi, huku mate na jasho vinanitiririka, basi kidonge kingine kinaweza kuniua. Na kumeza au kupumua kukiwa kazi, saa yoyote ile, ni hospitali moja kwa moja.

Rafiki ninayekaa naye anajua daftari liko wapi, juu ya friji. Nimemwambia akinikuta siwezi kuongea asinipe kitu. Asome mstari wa mwisho, aangalie saa, aite gari.