Jani Kabla ya Kisu

Tangu nistaafu, vijana hunijia na majani ya okidi ndani ya mifuko, na kabla hata ya kuketi huniuliza wanyunyize nini. Jani lenyewe hawajalitazama. Wameona doa, wamekimbilia duka la pembejeo, wamerudi na dawa, na mmea unazidi kufa. Hilo linaniuma, kwa sababu kazi niliyofundishwa ilianzia kwenye jani, na aliyenifundisha amefariki mwaka huu.

Kwetu ni Kwale. Baba alikuwa mkwezi wa minazi, na okidi ya kwanza niliyoijua ni Ansellia ya msitu wa Shimba, ile ya maua ya manjano yaliyotapakaa madoa ya kahawia. Nilimaliza darasa la saba, nikapelekwa Limuru kumsaidia shangazi kulea watoto, na nikiwa bado msichana nikaajiriwa katika shamba la maua lenye mabanda ya okidi. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji. Mzee ndiye aliyenitoa kwenye ndoo.

Tulimwita Mzee tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hakukubali mtu aseme "huu ni ugonjwa" kabla ya kuligeuza jani pande zote mbili. "Mwanangu," angeniambia, "liko upande gani? Linanuka? Libonyeze." Kisha aliliinua lielekee mwanga. Doa la jua liko mahali jani lilipotazama mbinguni. Hupauka, hukauka, na halitoki pale lilipo. Doa la bakteria ni laini na lina maji, mara nyingi limezungukwa na ukingo wa manjano, na aina ile inayoozesha hunuka vibaya na inaweza kulimaliza jani zima kwa siku mbili tatu. Doa la kuvu hudidimia, na lile la chule huwa na miviringo ndani ya miviringo na vinukta vyeusi katikati. Na kuna madoa yasiyo na ubaya wowote. Vidoa vyekundu kwenye jani la Oncidium husema tu kwamba mmea umepata mwanga mwingi. Nimewaona watu wakivinyunyizia dawa ya kuvu msimu mzima.

Asipokuwa na hakika, alilizungushia doa mstari wa kalamu ya wino, akaandika tarehe kwenye kibao cha chungu, akaenda zake. Baada ya wiki mbili tulirudi. Doa likiwa bado ndani ya mstari, liliachwa. Likiwa limeuvuka, jani lilikatwa, tena sentimita mbili ndani ya sehemu nzima, kwa wembe uliopitishwa motoni. Jeraha lilipakwa mdalasini wa unga, jani peke yake, kamwe si mizizi, kwa sababu mdalasini huikausha.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Shamba lilimleta msimamizi kutoka kwenye waridi. Alikuwa mchapakazi, hilo sitamnyima. Lakini alikuja na kalenda: kila Ijumaa pampu ya mankozebu, dawa ya kuvu, mabanda yote, na kila jani lenye doa likatwe, lisionekane na wanunuzi. Kwenye waridi kalenda hiyo ina sababu zake, maana waridi huotesha majani mapya kwa wiki chache. Okidi ya Phalaenopsis hupata majani mawili au matatu kwa mwaka. Jani la Cymbidium hukaa miaka. Ukilikata kwa ajili ya kovu la jua la mwaka juzi, umeunyima mmea chakula chake na umefungua jeraha jipya mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa. Doa halifutiki hata ugonjwa ukipona. Anayetaka kujua kama mmea umepona atazame jani changa. Mzee alilieleza hilo mbele ya kikao, kwa upole, akaambiwa kwamba mambo yake ni ya zamani.

Julai iliyofuata baridi ilikuwa kali. Limuru iko juu ya mita 2,000, na ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Cymbidium huipenda hali hiyo. Phalaenopsis hazitaki usiku ushuke chini ya nyuzi 16 hivi, na zilianza kutoa madoa ya maji kwenye majani ya katikati. Pampu ikaongezwa. Mankozebu haiui bakteria, na yale maji ya pampu yalikuwa yakiwarusha kutoka chungu kimoja hadi kingine, kisha yakilala usiku kucha kwenye kitovu cha mmea. Mzee aliomba mambo matatu tu: maji yamwagwe kabla ya saa tano asubuhi, vyungu vitenganishwe, na feni ziwashwe usiku. Alikubaliwa banda moja. Katika banda lile madoa yalisimama ndani ya mistari yake ya kalamu. Katika mengine tulizoa mimea kwa toroli. Ripoti iliyoandikwa ilisema ni baridi. Mimi nilikuwepo, nami nasema ni maji.

Kibaya zaidi kilikuwa makasi. Cymbidium ziligawanywa kwa makasi yaleyale kutoka shina hadi shina, bila moto. Misimu miwili baadaye michirizi iliyopauka ilijitokeza kwenye majani, ikageuka myeusi na kudidimia, na maua yakatoka na mabaka ya kahawia. Hivyo vilikuwa virusi. Okidi zina viwili vinavyosumbua dunia nzima, kirusi cha mozaiki cha Cymbidium na kirusi cha pete cha Odontoglossum, na hiki cha pili ni ndugu wa kile cha tumbaku, chenye kustahimili muda mrefu hata kwenye utomvu uliokauka juu ya chuma. Hakuna dawa inayovitoa kwenye mmea. Hakuna, vijana wangu, hata muuzaji akiapa. Wembe mpya kwa kila mmea, au moto, na mikono ioshwe. Siku hizi kuna vijiti vya kupimia virusi vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Changeni pesa, nunueni, mpime kabla ya kugawana mimea kwa urafiki.

Jambo moja tu sikuwahi kukubaliana na Mzee. Yeye aliamini kwamba mmea wenye virusi unaoendelea kuchanua unaweza kuwekwa pembeni, peke yake, na kupewa wembe wake. Tulibishana juu ya hilo hadi akawa hawezi tena kutembea bandani. Mimi nasema pembeni hapapo, kwa sababu siku moja atakuja mgeni, au mjukuu, atapenda ua na kukata kipande. Alikuwa na Cymbidium moja ya kijani aliyoitunza hivyo nyuma ya nyumba yake, na ilichanua vizuri kila mwaka. Mwezi uliopita wanawe walinipigia simu kuuliza waigawane vipi. Nimewaambia waichome, pamoja na gome ilimopandwa na chungu chake cha plastiki, na wembe wake wanipe mimi.