Kwani Mtoto Huyu Hana Masikio?

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kubanwa kidole kwa kile kibanio kidogo cha hospitali, kikawaka taa nyekundu na kutoa namba. Mimi nilikiona kama mchezo tu, mpaka usiku ule mpwa wangu wa miaka minne alipoungua huko Salale, katika delta ya Rufiji, nilikokuwa likizoni.

Kibatari kiliangukia chandarua. Dada yangu alipomtoa mtoto, moshi ulikuwa umekwisha jaa chumba kizima, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeungua hadi kwenye kucha. Nyayo nazo vivyo hivyo. Msomaji aijuaye delta ataelewa yaliyofuata: maji yalikuwa yamekupwa na boti imekaa juu ya tope la mikokoni. Tulisubiri maji yajae, mtoto akikohoa mapajani mwa mama yake, ndipo tukaenda Nyamisati kutafuta gari.

Hospitali tuliyofikia siitaji. Kijana wa zamu alikitwaa kibanio, akaitazama ile mikono, akakirudisha kabatini.

“Hana kidole cha kupimia,” alisema.

Muuguzi mmoja wa makamo akageuka. “Mwanangu, kwani mtoto huyu hana masikio?”

Akaleta kibanio kingine, kilichotengenezwa kwa ajili ya sikio, akakibana kwenye ndewe. Baadaye alinieleza kwamba kile cha kidole kikibandikwa sikioni huweza kudanganya. Chombo hicho, kinachotokana na uvumbuzi wa Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970, hupenyeza mianga miwili mwilini, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni huifyonza mianga hiyo tofauti na damu iliyopungukiwa. Basi popote penye nyama nyembamba na damu ipitayo vizuri panafaa: kidole cha mguu, ndewe, na kwa mtoto mchanga hata kiganja au wayo. Upo pia wa paji la uso, ambao mwanga wake hurudi badala ya kupenya. (Akina mama wa pwani wakumbuke kwamba hina nyeusi au rangi ya kucha inaweza kuvuruga kipimo.) Kwa aliyeungua sana, sikio lina faida nyingine: mwili ukipatwa na mshtuko, damu hupungua vidoleni kwanza.

Namba ikasoma 98. Nikashusha pumzi.

“Usifurahi upesi, baba,” muuguzi akaniambia. “Huyu amevuta moshi.”

Kumbe moshi wa moto una kaboni monoksaidi, ambayo huikalia damu mahali pa oksijeni, na chombo cha kawaida hakiwezi kuzitofautisha. Mtoto anaweza kuwa hatarini na namba ikabaki nzuri. Kipimo maalumu cha damu ndicho kisemacho kweli. Hakukingoja. Alimvika mtoto barakoa ya oksijeni papo hapo, na kila baada ya saa chache alihamisha kibanio sikio hadi sikio, kisiumize ngozi.

Mpwa wangu yumo darasa la pili sasa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjuki sawasawa, lakini huandika kwa wa kulia, na kila nifikapo Salale hunikimbilia na daftari lake kabla sijatua mzigo.