Nyanya Aliyepotewa na Maneno

Yuko karani mmoja, mzaliwa wa milima ya Taita, ambaye kazi yake ni kuandika hesabu za mizigo mjini Mombasa. Mama yake alikufa yeye angali mchanga, akalelewa na nyanya yake karibu na Wundanyi, katika shamba la matuta lenye mahindi, maharagwe na migomba michache. Nyanya huyo hakuingia shule hata siku moja, lakini ndiye aliyemfundisha mjukuu wake kuhesabu, kwa punje za maharagwe zilizotandazwa juu ya ungo. Kila mtoto alipokosea, bibi alizikusanya punje zote kwa kiganja, wakaanza tena kwa moja.

Alfajiri moja shangazi yake alimpigia simu. Nyanya ameamka mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kuume havina nguvu, wala maneno yake hayaeleweki. Karani alifanya kwanza lile wafanyalo wengi: alituma fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha hupanda mlimani kwa muda wa dakika moja, na mtumaji huweza kudhani kwamba na yeye mwenyewe amefika. Akaenda kazini. Alijiambia kuwa mkubwa wake hatampa ruhusa, ingawa hakuwa amemwomba. Jioni shangazi alipiga tena, akasema, "Fedha tumeziona, mwanangu. Lakini yeye anatazama mlango."

Kesho yake alipanda treni ya asubuhi hata Voi, kisha matatu kwa njia ya Mwatate.

Hospitalini daktari aliwaeleza kwa upole kwamba huo ni ugonjwa wa kiharusi. Mshipa wa damu ulikuwa umeziba katika upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndio uutawalao upande wa kuume wa mwili, na kwa watu walio wengi ndimo yalimo maneno pia. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa katika saa nne na nusu za kwanza, tena baada ya kichwa kupigwa picha. Kwa maana ikiwa mshipa haukuziba bali umepasuka, dawa hiyo yaweza kumwua mgonjwa. Nyanya alikutwa asubuhi katika hali ile, wala hapana ajuaye ilianza saa ngapi usiku. Shangazi akainama, akajilaumu kwa usingizi wake. Daktari akamwambia kwamba aliyelala hana hatia, kisha akauliza habari za vidonge vya presha. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa mgonjwa aliviacha tangu mavuno, kwa sababu hakusikia maumivu yo yote. Hila ya presha ndiyo hiyo: huweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kubisha hodi. Daktari hakuwaficha kwamba kiharusi cha pili chaweza kuja, na kwamba siku zile za kwanza zilikuwa za hatari.

Shangazi alikuwa ameleta uji mwepesi. Mwuguzi akamshika mkono kabla kijiko hakijafika mdomoni. Koo la mgonjwa wa namna hiyo huweza kushindwa kumeza sawasawa, na uji ukaingia mapafuni. Hivyo sharti apimwe kwanza, ameketishwa wima. Tena alitaka ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya kulalia. Shangazi hakuweza peke yake, na karani aliona haya kumshika nyanya yake, naye shangazi hakupenda jambo hilo. Mwuguzi akauliza, "Kwani nyanya alikuwa akimwitaje huyu?" Shangazi akajibu kwamba alimwita mume wangu, kama ilivyo desturi ya mabibi kuwatania wajukuu wao. "Basi, mume na amgeuze mkewe," akasema mwuguzi. Wote wakacheka, hata mgonjwa wa kitanda cha pili, na kazi ikafanyika.

Lakini jambo lililomwumiza zaidi karani lilikuwa neno. Nyanya alikuwa na neno moja tu, "maji", akaliita hilo kwa blanketi, kwa shangazi, na kwa dirisha. Naye karani, badala ya kunyamaza, alimhoji kama mwalimu: "Nyanya, wanijua? Jina langu nani?" Bibi alijaribu, akashindwa, machozi yakamtoka upande mmoja. Karani akatoka nje, akasimama ukutani muda mrefu.

Mwuguzi ndiye aliyemwambia kwamba mara nyingi yale aliyoyazoea mtu kwa mfululizo, kama nyimbo, sala na hesabu, hubaki hata maneno mengine yakipotea. Siku ya sita akaja na maharagwe katika leso. Akayapanga juu ya shuka, mahali mkono wa kushoto ufikapo, akaanza kuhesabu kwa Kitaita, polepole. Kwa tatu midomo ya bibi ilitikisika. Kwa nne sauti ikatoka, na tano akaisema wazi kabla yake. Wakaendelea pamoja hata saba. Hapo karani, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayaoni vema, aliruka nane akasema tisa.

Mkono wa kushoto ukainuka, ukazikusanya punje zote kwa kiganja, ukazirudisha mwanzo.