Shilingi Nane kwa Kopo la Peni

Mzee wa sarafu aliweka kopo la mafuta ya kupikia mezani akasema, "Nipe hizo nane zako, uchukue hili lote." Ndani kulikuwa na peni, zile senti kumi za zamani zenye tundu katikati, kilo tatu na kitu. Karibu mia tatu. Kwa hesabu ya enzi zake hizo ni shilingi thelathini, na mimi nilikuwa nimeshika nane tu. Manze, nani angekataa?

Hizo nane ni za shosho. Alikuwa amezifunga kwenye pindo la leso, tukazipata tulipokuwa tukigawa nguo zake. Upande mmoja simba na milima nyuma yake, upande wa pili kichwa cha mfalme. Ndugu yangu mdogo akaruka: "Hiyo ni fedha tupu, twende tukauze!"

Si tupu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, na hadi 1946 ilikuwa na robo tu ya fedha. Kuanzia 1948 hata hiyo robo ikaondolewa, ikawa shaba na nikeli. Kwa hivyo cha kwanza unachoangalia ni mwaka. Zangu zote ni za kabla, kuanzia 1924 hadi 1946. Lakini sarafu moja ina gramu 7.8, fedha iliyomo haifiki gramu mbili, na nane zote zinakupa kama nusu wakia. Ndugu yangu aliposikia hivyo akarudi kwa simu yake.

Peni nazo nilizitaka kwa sababu zangu. Shosho alikuwa na mkufu wa peni, amezitunga kwa uzi wa katani, na ndizo alizonifundishia kuhesabu. Sijui uliishia wapi. Halafu kuna peni ya 1936. Mwaka huo Edward wa Nane alitawala miezi isiyotimia kumi na miwili, akaacha kiti Desemba ili amwoe Wallis Simpson. Senti kumi, kwa vile ina tundu, haina kichwa cha mfalme. Ina taji na jina tu. Basi zilitengenezwa zikiwa na jina lake, zikaja huku kwetu, zikanunua chumvi. Si adimu wala si ghali. Nilitaka tu kuiona.

Nikampigia mama kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Umepata nane? Zilikuwa ishirini."

"Zingine zilienda wapi?"

"Kwa sonara. Ule mwaka uliorudishwa nyumbani kwa karo."

Nilikuwa Kidato cha Pili. Nilikaa nyumbani wiki mbili, kisha siku moja nikaambiwa nipange sanduku, na sikuuliza pesa zimetoka wapi. Unauliza nini ukiwa na miaka kumi na tano na unataka tu kurudi kwa marafiki? Sonara hahifadhi sarafu. Anaziyeyusha.

Nilirudi kwa mzee Jumamosi hata hivyo. Ukweli ni kwamba bado nililitaka lile kopo.

"Mzee, naomba nichungulie kidogo."

"Chungulia, mwanangu. Lakini kuchagua hapana. Ni yote ama tuache."

Nikaingiza mkono hadi chini, nikatoa konzi nzima. 1952. 1956. 1964, ile isiyo na jina la malkia kabisa. 1956 tena. Konzi ya pili vivyo hivyo. Hakuna hata moja ya kabla ya vita. Kopo ambalo halijaguswa lingekuwa na mchanganyiko. Hili lilikuwa limeshachambuliwa, zikabaki zile ambazo kila mtu anazo. Sikumlaumu. Hiyo ni kazi yake, na ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Nikazirudisha shilingi mfukoni. Nikamwomba aniuzie peni ishirini kwa pesa taslimu, akataka mia tatu, nikalipa. Jioni nikazitunga kwa uzi wa kamba ya gunia, nikapiga picha, nikamtumia mama.

Akapiga mara moja. "Umetoa ngapi?"

"Mia tatu."

"Mia tatu ununue shilingi mbili?"

Nikamsikia akimwita jirani aje asikie.