Kilemba Kilichoficha Mengi

Mama mmoja wa kikundi chetu aliacha kuimba kwaya. Tulimwombea miezi sita bila kumwuliza kilichomo ndani ya kilemba. Siku alipokifungua, panja zote mbili zilikuwa wazi. Hata mumewe alikuwa hajui.

Akina mama wenzetu, uchunguzi wa kwanza hauhitaji kisu wala sindano. Tulianza kwa kuuliza. Je, amejifungua karibuni? Nywele zinazopukutika kama miezi 3 baada ya kujifungua kwa kawaida huota tena. Hakuwa amejifungua. Kisha tulishika nywele kama 60 kwa vidole, tukazivuta polepole hadi nchani. Zikitoka zaidi ya 6, zinapukutika kupita kiasi. Kwake zilitoka 2 tu. Kumbe ni rasta za kubana, miaka mingi.

Daktari wa ngozi alimtazama kwa lenzi yenye taa. Kushoto vitundu vya nywele vilikuwa bado vipo. Kulia kovu lilikwisha kuviziba.

Kushoto zimeota. Kulia hazitaota tena, nasi tunajutia ile miezi sita. Amerudi kwaya. Dada wapendwa, tuombeane, lakini pia tutazamane mapema.