Kuta za Karema

Kwa miaka mingi niliwakaririsha wanafunzi: Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo cha Karema mwaka 1879; mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, ngome ikawa misheni. Aliyekosea mwaka alikosa alama.

Nilipoiona ngome yenyewe nilikuwa mzee. Nilitoka Mwimbi na mjukuu wangu, tukapitia Sumbawanga na Mpanda, kisha tukateremka hadi Ziwa Tanganyika. Nikaanza kumsimulia kama darasani. Akapapasa ukuta, akauliza, "Babu, waliojenga hasa ni akina nani?"

Nilinyamaza. Sikuwa na hata jina moja. Nikamweleza nililolijua: habari za Adriano Atiman, mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomea uganga Malta, akawatibu watu wa hapa tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Hata huyo sikuwahi kumtungia swali la mtihani.

Ndugu msomaji, ualimu wangu ulikuwa na deni, na mtoto ndiye aliyenidai. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nimeanza kuwauliza wazee.