Nilipopunguza mwendo, kasi ikaongezeka

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kila wiki nawaambia wasomaji wapumzike na wasipuuze maumivu. Mwenyewe sikufuata.

Nilikuwa najiandaa kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, kule Moshi. Kila alfajiri nilitoka nyumbani Sekei na kupandisha kuelekea Ilboru, nikishindana na saa ya mkononi. Siku ya mapumziko sikuwa nayo. Wiki ya tano ugoko wa kulia ukaanza kuuma. Nikapaka dawa ya kuchua, nikaendelea.

Asubuhi moja mwanangu wa miezi minane alilia, nikashindwa kusimama nimbebe. Mama, aliyekuja kututembelea, akamchukua.

“Hizo mbio ni za afya, baba, au za kutafuta fimbo ya kutembelea?”

Hospitali daktari alinieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua. Moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema, lakini mifupa na kano huchelewa. Pumzi inakwambia ongeza, wakati mguu bado hauko tayari. Tena mwili hujijenga unapopumzika na kulala, si unapokimbia. Nikakaa wiki sita bila mbio. Moshi sikwenda.

Sasa nakimbia siku nne kwa wiki. Tatu ni za polepole, kiasi cha kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Moja tu ni ya kasi. Nikiongeza umbali, siongezi kasi wiki hiyohiyo.

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros hatua za mwisho kabisa, kwa sekunde 0.03. Nikajisemea, huyu alibakiza nguvu ya kumalizia. Mimi yangu niliimaliza mazoezini.

Msomaji, uchovu wa misuli yote baada ya mazoezi ni kawaida. Maumivu yanayong’ang’ania sehemu moja, hasa ya mfupa, si ya kuvumilia. Simama, umwone daktari.

Juzi nimepandisha njia ileile ya Ilboru kwa dakika nne pungufu ya zamani. Niliporudi mtoto alikuwa mlangoni, amenyoosha mikono. Nikainama, nikambeba.